Kobe Aliyemeza Kifurushi cha Digidigi

Begi lilikuwa tayari mlangoni. Leokadia Mhema alilifunga mwenyewe tangu alfajiri, akalifungua, akalifunga tena. Ndani mlikuwa na vitenge vipya vilivyofuliwa kuondoa ugumu wa dukani, kofia ya sufu aliyoifuma kwa mkono, na unga wa ulezi alioupitisha kwenye chekeche mara ya pili ili usimkwaruze mzazi kooni. Binti yake Skolastika alikuwa Iringa, tumbo limeshuka, akihesabiwa siku. Gari la mjini lingepita alasiri. Ilibaki kazi moja tu, kugawa kaa.

Pale kijijini Ukingoni walikuwa bado wanaita hivyo, kugawa kaa, ingawa meko ya kuni yalikwisha kusahaulika. Zamani moto wako ukizima ulikwenda kwa jirani na kigae mkononi, ukapewa kaa, ukarudi unapuliza. Hakuna aliyethubutu kumnyima mwenzake moto. Sasa kilichoazimwa ni kifurushi, yaani programu ya pampu ya moyo. Kilishuka kutoka Bohari ya mjini, kikapita kwenye mnara, kikatua ndani ya kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. Tangu ile homa iliyowala watu mioyo, nyumba chache sana zilikosa mtu mwenye pampu kifuani. Leokadia mwenyewe alikuwa nayo, chini kidogo ya mtulinga wa kushoto, na juu yake lile bamba la kunywea jua lililovimba chini ya ngozi kama sarafu. Yeye ndiye aliyepelekwa mjini kujifunza, kwa hiyo kaa lilianzia kwake. Kutoka kwake kisanduku kilizunguka nyumba kwa nyumba. Unakiegesha kifuani, kinalia kama kifaranga, unampa wa pili.

Alikuwa anakoroga uji pale mlango uliposukumwa.

"Hodi hapa kwa walaji wa mbwa."

"Mbwa wameisha," alijibu bila kugeuka. "Wagogo walipita jana wakawaomba wote."

Mzee Ndahani alicheka kile kicheko chake cha kukohoa, akaingia na fimbo yake. Hakungoja kukaribishwa. Alikalia kiti chake Leokadia, akachukua kikombe chake Leokadia, akanywa chai iliyokuwa ndani, akakunja uso.

"Sukari mmeificha wapi?"

"Tumeificha wewe usiione."

Mtu mgeni angedhani wanagombana. Ukingoni ni kijiji kilichoota kwenye ukingo wa bwawa lililokauka. Wahehe waliteremka kutoka milimani na Wagogo wakaja kutoka tambarare, wote wakifuata kazi ya kufuta vumbi kwenye vioo vya umeme wa jua vilivyotandazwa pale yalipokuwa maji. Wahehe na Wagogo ni watani tangu mababu. Mtani akiingia kwako anaweza kuchukua kuku, kiti, hata chakula kilicho mezani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Una ruhusa ya kumtukana tu, na kungoja zamu yako.

Ndipo Leokadia aliposikia mlio. Haukuwa wa kifaranga. Ulikuwa mlio mzito, mrefu, kama ng'ombe aliyetengwa na ndama wake.

Aligeuka. Mzee Ndahani alikuwa amefungua vifungo vya shati, na kisanduku cheusi kimelala juu ya mbavu zake.

"Mzee Ndahani, umefanya nini?"

"Nimejipatia kaa. Unajua sanduku lako nalo limejifunza uchoyo wa Kihehe? Limeniambia kifurushi hiki si cha prosesa yako. Halafu likaniuliza, nilazimishe? Nikaliambia lazimisha, mimi ni mtani wa mwenye nyumba."

Mwiko ulimtoka mkononi ukazama ndani ya uji.

*

Kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga madirisha. Cha pili, akatia kitenge kwenye ule ufa wa mlango unaopitisha mwanga. Mzee Ndahani alimtazama akizunguka, tabasamu likimwisha polepole.

"Kwani nakufa?"

"Usitoke juani," Leokadia alisema. "Hata kwenda uani, usitoke. Kaa hapohapo."

Alimwita Eunike, binti wa mzee, aliyekuwa anasuka nywele nyumba ya pili. Eunike alikuja na kitana kikiwa bado kimechomekwa kichwani, akamkuta baba yake gizani na Leokadia, aliyemwita Mama Skola, amepiga magoti mbele ya redio ya Bohari, anazungusha kitufe.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya msichana. Ilikuwa ya Zubeda, aliyepokea simu za vijiji. "Kifurushi kimefika salama?"

"Marahaba. Kimefika. Kimeingia kwenye Kobe."

 Kisha Zubeda akasema taratibu, "Kwa kulazimishwa?"

"Kwa kulazimishwa."

Pampu zilikuwa za aina mbili. Za kwanza, zile walizowekewa watu mwaka wa homa, ziliitwa Kobe kwa sababu zilikuwa nene na za polepole. Zilizofuata zikaitwa Digidigi. Kwa nje hutofautishi, zote zinasukuma damu. Tofauti iko kwenye prosesa, ule ubongo mdogo unaosoma amri. Leokadia alikuwa na namna yake ya kuwaeleza watu. Kobe, alisema, ni kama mpishi mzee. Unamwambia neno moja, "pika ugali," naye anajua yote yaliyomo ndani ya neno hilo. Digidigi ni mpishi mwepesi, lakini anataka maneno madogo madogo: bandika maji, koleza, mimina unga, songa, epua. Anayafanya haraka kuliko unavyoweza kuyatamka. Sasa mpe yule mzee karatasi ya huyu mwepesi. Atasoma "mimina" bila kujua amimine nini wapi. Atasimama katikati ya jiko na mikono imenyooshwa.

Pampu haitakiwi kusimama katikati ya jiko.

"Lakini bado inapiga," Eunike alisema. Alikuwa ameweka kiganja kifuani kwa baba yake. "Mama Skola, inapiga vizuri tu."

"Inapiga kwa yale iliyokwisha kuyashika kichwani, mwanangu. Cha zamani kimefutwa, kifurushi huingia kwa kufagia. Pampu ikionja jua jipya hujizima kidogo, kufumba na kufumbua, halafu husoma upya kuanzia mwanzo. Ndiyo maana nimeziba dirisha."

"Basi akae ndani."

 Leokadia alikigeuza kisanduku ili Eunike aone taa yake. Kilikuwa kinaonyesha betri ya mzee, na taa ilikuwa ya njano. Mzee Ndahani alikuwa amekuja kunywa chai kabla ya kwenda kuota jua, kama afanyavyo kila asubuhi. Alikuwa hajanywa jua tangu jana. Akitoka nje, pampu itasoma isichokijua. Akibaki ndani, itakauka kabla ya jioni.

"Zubeda, nipe cha Kobe," alisema kwenye redio. "Chochote, hata cha mwaka juzi."

"Mama, Kobe hawatengenezewi tena. Nimefungua rafu zote hapa, hakuna. Wajenzi wanaweza kukijenga upya wakiamriwa, lakini si leo. Labda mvua zikianza."

"Na hospitali?"

"Nimemtazama kwenye orodha. Madaktari walishasema kifua chake hakifunguliwi mara ya pili."

Mzee Ndahani alijikohoza gizani. "Niliwaambia mimi. Mlango wa kwangu ulipigwa misumari."

 Leokadia alikumbuka vifurushi vilivyopita. Kila kaa lilipogawiwa, mzee huyu alikaa barazani akatazama kisanduku kikipita mbele yake, kikilia kama kifaranga kwenye vifua vya wengine. Ndiye Kobe pekee aliyebaki Ukingoni. Alikuwa akitania, "Mimi moto wangu ni wa kale, hauzimi." Leokadia alikuwa akicheka naye na kupita. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuona baridi kwa kunyimwa kaa ambalo lingemuunguza.

"Kuna mkalimani," Zubeda alisema, sauti imeshuka.

"Najua kwamba yupo."

"Nisingekushauri, mama."

"Nieleze hata hivyo. Wasikie."

*

Mkalimani ilikuwa programu iliyokaa ndani ya kila Digidigi, ikilala tu. Ikiamshwa, Digidigi husoma kifurushi chake mwenyewe, halafu hukitafsiri neno kwa neno na kumtupia Kobe aliye karibu, kupitia hewani, kifua kwa kifua. Kobe anapiga kwa kusikiliza. Lakini kutafsiri si kazi nyepesi. Digidigi anayetafsiri anabaki na nusu ya nguvu zake. Mwenye pampu hiyo hatapanda mlima tena, hatakimbia, hatabeba ndoo. Hataweza kuwa mbali na mwenzake kuliko upana wa sebule, awe macho au amelala. Kobe akijikwaa, Digidigi naye hujikwaa. Kuna mahali pengine, Zubeda alisema, walianguka wote wawili wakati wa ule usomaji wa kwanza.

"Pampu ya nani iko tayari?" Eunike aliuliza, ingawa alijua. Yeye hakuwa na pampu, homa ilimruka. Wenye Digidigi wengine pale kijijini walikuwa bado na kifurushi cha zamani, na kisanduku kilikuwa hakijatoka nyumba ile. Kukipeleka kwao kulihitaji kukiondoa kwa mzee, na kukiondoa kulimaanisha kutoiona ile taa. Zaidi ya hayo, nani angemwendea jirani kumwambia, niazime nusu ya moyo wako?

Leokadia ndiye pekee aliyekwisha kukiweka, alfajiri, kabla ya kufunga begi.

Alilitazama begi. Lilikaa pale mlangoni kama mtu anayengoja jibu.

"Kipo kitu kingine," Zubeda alisema. "Kisanduku kitamtaka Kobe aweke kidole gumba, akubali. Asipokubali, mama, unajua kuna lile neno la kulazimisha."

"Nalijua."

"Linafanya kazi. Hata mtu akiwa amezimia."

Leokadia alizima redio.

"Mimi sikubali," Mzee Ndahani alisema.

Alisema bila kupaza sauti, kama mtu anayekataa kuongezewa mboga. Eunike alimshika mkono. "Baba."

"Eunike, nimeshiba. Nimekula chumvi, nimekula na mchanga wa bwawa hili. Huyu mwanamke mwanawe anazaa. Nimekuja kwake nimekunywa chai yake, nimekalia kiti chake, nimenyakua kaa lake. Mtani ana mpaka. Anachukua kuku. Hachukui pumzi."

"Hukujua," Leokadia alisema.

"Niliulizwa. Sanduku liliniuliza kwa Kiswahili safi. Nikalifanyia mzaha."

Taa ya njano ilianza kuwa ya chungwa. Eunike alimvuta Leokadia mpaka jikoni, uji umekwisha kuungua na moshi umetanda, akamshika mabega yote mawili.

"Lazimisha," alinong'ona. "Mama Skola, tafadhali. Mwache alale kidogo, aishiwe nguvu, halafu ulazimishe. Akiamka atanuna. Mtu akinuna si yuko hai?"

Leokadia alizima jiko. Alikuwa akiwafundisha watu, nyumba kwa nyumba, kwamba neno lile si mlango bali ni ukuta uliochorwa mlango. Ukilipita, baadaye ndipo unajua ulichobomoa. Asubuhi ileile limebomoa mtu. Na sasa lilikuwa limekaa kiganjani mwake tena, likimwambia kwamba safari hii ni kwa wema. Mzee huyu akili zake zilikuwa timamu. Amesema hapana. Ukimwingilia mtu kifuani baada ya kusema hapana, hata kama unamwokoa, umemfanya nini? Na ukimwacha afe kwa sababu ya neno moja la adabu, wewe nawe umekuwa nani?

Lakini kulikuwa na jambo baya zaidi, na hakumwambia Eunike. Pale Ndahani aliposema sikubali, sehemu fulani ndani ya Leokadia ilikuwa imeshusha pumzi. Sehemu hiyo ilikuwa imekwisha kupanda gari. Ilikuwa Iringa, imepakata mtoto.

"Sitalazimisha," alisema.

Eunike alimtazama kama mtu aliyefungiwa mlango wakati wa mvua.

"Sitalazimisha," alirudia. "Lakini sijasema namwacha."

*

Alasiri ilipofika, honi ya gari la mjini ilisikika kutoka kwenye vioo vya mbali, ikiita abiria. Leokadia alichukua begi, akatoka, akafunga mlango nyuma yake upesi ili jua lisipenye. Alimkuta dereva, Mkini, kijana wa ukoo wao.

"Panda, shangazi, nafasi ya mbele nimekuwekea."

"Mpelekee Skola begi hili. Mwambie unga wa uji uko chini, kofia iko juu. Mwambie aombe shangazi zake wa huko wamkande."

"Na wewe?"

"Mimi nimepata msiba."

"Wa nani?"

"Bado hajafa," alisema, akarudi ndani.

Mzee Ndahani alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa mapajani mwa Eunike. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Taa ilikuwa nyekundu. Leokadia hakukaa kwenye kiti. Alikwenda akajilaza sakafuni, ubavuni kwa mzee, akanyoosha miguu na kufunga mikono kifuani kama maiti.

Mzee alifumbua jicho moja. "Unafanya nini, Mhehe?"

"Nimelala kaburini."

Eunike aliacha kulia kwa mshangao.

"Siku ya kuzikwa kwako," Leokadia aliendelea, akitazama dari, "nani angeingia kaburini kabla yako? Nani angelala humo, akatae kutoka mpaka ndugu zako wamlipe?"

 "Wewe," alisema mzee. "Ninyi watani."

"Na akishalala humo, kuna anayemtoa kwa nguvu?"

"Hakuna. Ni mwiko."

"Basi nimeshaingia. Nimewahi tu. Begi limekwenda na gari limekwenda, sina pa kwenda. Wewe asubuhi ulichukua changu, nikatukana, nikangoja zamu yangu. Zamu imefika. Kuku wako sitaki, wamekonda. Nachukua kifo chako. Utaninyima, mtani?"

"Hii si haki."

"Tukana basi. Ruhusa unayo."

Kifua cha mzee kilitikisika. Haikujulikana kama anacheka au pampu inakwama, na kwa kitambo Eunike alifikiri ni la pili, akamkumbatia.

"Mla mbwa wee," alisema mzee kwa taabu. "Utalala wapi? Upana wa sebule, amesema yule binti. Watu watasema nini?"

"Watasema Mgogo amepata mtu wa kumwomba bila kutoka nyumbani. Weka kidole."

"Nikisema hapana?"

Leokadia aligeuza uso, wakatazamana kwa karibu kama watoto waliolala mkeka mmoja. Kisanduku kilikuwa juu ya kifua cha mzee, na Leokadia alikuwa na kidole chake mwenyewe mbali nacho, ameking'ang'aniza kwenye kitenge.

"Ukisema hapana nitalala hapa mpaka mwisho. Sitakulazimisha. Nitakutazama tu."

Nje sauti ya gari ilizidi kufifia kwenye vumbi. Ndani ilibaki pumzi ya mzee, inakuja, inasita, inakuja.

Alinyanyua mkono. Eunike akataka kuusaidia, Leokadia akamkataza kwa macho. Mkono ulitambaa wenyewe juu ya mkeka, ukapanda, ukakosea, ukapapasa. Kidole gumba kikashuka.

Kisanduku kikalia kama kifaranga.

*

Bado ilibaki kulikabili jua.

Eunike alifungua mlango. Walitoka wameshikana, mzee katikati, mwanga mweupe wa alasiri ukipiga kutoka kwenye vioo vyote vya bwawa kwa pamoja. Leokadia alihisi mkalimani ameamka ndani yake. Ilikuwa kama kubeba mtungi kichwani ghafla baada ya kutembea mikono mitupu. 

"Sasa hivi," alisema. "Itasoma sasa hivi."

Jua likagusa bamba kifuani kwa mzee. Akasimama. Macho yake yakapotea, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali, na mwili wote ukawa mzito mikononi mwao. Pampu ilikuwa imejizima.

Leokadia aliingojea. Alisikia moyo wake mwenyewe ukipiga, kisha ukajikwaa, kisha ukanyamaza. Aliona vioo vikififia pembeni. Hakumfikiria Skola, hakufikiria chochote. Alikuwa ameinamisha kichwa tu, kama mtu anayesikiliza nyayo mlangoni.

Kikaja kishindo kimoja, kizito, cha kale. Hakikuwa chake.

Halafu chake, kimoja, kikajibu.

"Kizito kama gunia hiki chako," Leokadia alisema alipopata sauti.

"Ni cha mpishi mzee," alijibu Ndahani, jasho likimtiririka. "Twende uani. Tangu asubuhi umenikataza."

Wakaanza kutembea. Kwa mazoea Leokadia alitanguliza mguu kwa haraka, na kifua kikambana papo hapo. Akasimama. Akaurudisha mguu nyuma, akangoja mpaka fimbo ya mzee imegusa ardhi, ndipo akakanyaga.